Jino la Kushoto na Simu ya Jumanne

Jumanne, tarehe 22 Oktoba. Asubuhi mawingu mazito upande wa mashariki, upepo wa vumbi, mvua hakuna. Joto limeanza kabla jua halijapanda. Nimetoka kitandani saa kumi na moja kasoro robo. Siandiki "nimeamka" kwa sababu sikulala.

Sasa ni jioni. Shavu la kushoto limevimba kama nimeficha kiazi mdomoni, na kila nikimeza mate nasikia ladha ya chuma. Naandika kwenye daftari, kama kawaida yangu.

Leo nilikuwa na mambo mawili na nilikuwa nimeyapanga vizuri. Jana niliandika hivi: Saa mbili, kufika hospitali, Bariadi mjini. Saa nne, jino limetoka. Saa tano, simu ya Baba Milembe. Kati ya jino na simu nilijiachia saa nzima, ya kupumua na kutafuta maneno.

Sikuipata hiyo saa.

Baba Milembe ni mume wangu, Luhende. Yuko Katavi na ng'ombe. Waliondoka hapa Nkololo mwezi wa saba, mwaka juzi, yeye na kaka yake Shija, baada ya malambo yote kukauka na ng'ombe kuanza kulala chini bila nguvu ya kunyanyuka. Alisema miezi minne. Niliihesabu kwenye kalenda ya ukutani, nikazungushia siku ya mwisho kwa kalamu nyekundu. Kalenda hiyo ya mwaka juzi bado ninayo. Kila nikifagia chumba nasema leo naitupa.

Aliondoka Milembe akiwa na miaka sita, na meno yote ya utoto. Tangu hapo meno manane yameng'oka na manane yameota, na baba yake hajaliona hata moja. Akirudi atakutana na mtoto mwenye mdomo mwingine.

Huko porini anakochungia hakuna mtandao. Anapatikana Jumanne tu, siku ya mnada, akishuka kuchaji simu na kununua chumvi ya ng'ombe. Si kila Jumanne. Nyingine nakaa na simu mapajani kutwa nzima, haiiti.

Jumanne iliyopita alituma ujumbe. Kaka yake anataka wakubaliane na mwenye eneo, wakae msimu mmoja tena. Akaniuliza: unasemaje? Nikamjibu ndani ya dakika mbili: "Amua unavyoona wewe. Huku hakuna shida." Akarudisha: "Jumanne ijayo saa tano nitapiga. Siku hiyo ndiyo tunampa mwenye eneo jibu. Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Nilisoma mstari huo wa mwisho mara nyingi. Wiki nzima nikajaribu kuandika nitakachosema. Kurasa tatu zimechanwa.

Nikiri jambo moja hapa, kwa kuwa kama sitalikiri leo sitalikiri tena. Huku kwetu mtu akikuuliza habari unajibu mhola, yaani ni salama. Hata kama mtoto ana homa, kwanza mhola, ndipo homa itatajwa, tena kwa sauti ndogo. Na kwa mtu aliye mbali na mifugo ni zaidi. Humpelekei habari nzito, kwa kuwa moyo wake ukihama, ng'ombe watapotea. Mama mkwe alinieleza hivyo wiki ile ile walipoondoka, tukiwa tunachambua choroko. Nikashika. Mimi nikifundishwa jambo nalishika.

Mvua ikikataa, hakuna shida. Pamba ikaliwa na wadudu, hakuna shida. Milembe kaumwa na nge, nikalala naye zahanati siku mbili, Jumanne ikafika, simu ikaita: tuko wazima, Baba Milembe, tumeshakula, usijali.

Sijawahi kumwambia kwamba nikipika ugali bado nasonga wa watu wa nyumba nzima, halafu unabaki.

Jino nalo ni hivyo hivyo. Lilianza Agosti ya mwaka ule ule, wiki ya tatu tangu waondoke. Nilikuwa natafuna michembe, vile viazi vilivyokaushwa, nikasikia kitu kimekatika ndani. Niliandika tarehe. Kuanzia hapo nikawa natafuna upande wa kulia tu. Nimerudia kusoma daftari zangu leo mchana, na mwezi baada ya mwezi ninakutana na mistari miwili iliyofuatana: Jino, nafuu. Simu, hajapiga. Jino, limeuma usiku. Simu, amepiga, nimemwambia mhola.

Wiki hii lilikataa karafuu, likakataa maji ya chumvi, likakataa na vidonge. Ijumaa nikaenda zahanati, wakaniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa meno mjini, na siku yake ni Jumanne. Nilitaka kuahirisha kwa sababu ya simu. Kisha nikapiga hesabu ya saa, nikaona yote yataingia.

Nilikwenda na wifi yangu Kabula, mdogo wake Luhende, tunayeishi naye. Zahanati walisema niende na mtu wa kunirudisha. Tulipanda pikipiki moja wote wawili, Kabula nyuma akiniongelesha njia nzima, mimi nikiitikia kwa kutikisa kichwa. Sikuwa nimemwambia kwamba leo kaka yake anasubiri jibu. Alijua tu kwamba huenda akapiga.

Tulifika saa mbili kasoro. Nilikuwa wa kwanza kwenye benchi. Saa mbili na nusu umeme ukakatika, na vifaa vya kung'olea vikawa bado havijachemshwa. Tukaambiwa tusubiri. Saa tatu. Saa tatu na nusu. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani mpaka mzee aliyekaa karibu yangu akacheka. Alikuwa ametoka Shishiyu kuja kwa mtoto wake, na yeye taya lake limefungwa kitambaa kama mzigo.

"Mayu, hiyo saa hata ukiitazama namna gani haiogopi," akasema, akiniita mama kwa lugha ya kwetu.

Saa nne na dakika kumi na tano umeme ulirudi. Saa nne na nusu nikaitwa.

Daktari ni binti mdogo kuliko mimi. Mikono myembamba, sauti ya mtu aliyezoea kurudia maneno. Akamulika taa mdomoni, akagonga jino kwa kijiti cha chuma, nikaruka.

"Limeanza lini hili?"

Nikamtajia tarehe. Akaacha kuandika, akanitazama.

"Miaka miwili?"

"Na miezi miwili."

"Mama, ungekuja mapema tungeliziba. Lilikuwa tundu dogo. Sasa limeoza mpaka kwenye mzizi."

Nilitazama dari. Kulikuwa na mjusi.

Sindano ya ganzi ilichomwa mara mbili. Baada ya muda mdomo wa chini ukawa si wangu, ukawa kama wa mtu mwingine aliyenisimamia karibu. Akaniuliza nasikia maumivu au nasikia kusukumwa tu. Nikanyoosha vidole viwili kama alivyonielekeza, maana yake kusukumwa. Akashika koleo. Sikujua kwamba mtu anaweza kusikia jino lake likitoka kwa masikio, kutokea ndani, kama kuni kavu inayopasuliwa taratibu. Binti akajikaza, akabadilisha mguu, akajikaza tena. Machozi yalinitoka bila mimi kulia.

Saa tano kasoro dakika nne akaliweka kwenye kisahani. Limegawanyika mizizi miwili, jeusi katikati. Dogo. Nilishangaa lilivyo dogo.

Akanikunjia pamba, akaisukuma pale lilipotoka. Maisha yangu yote nimeichuma pamba, nimeibeba, nimeipima ghalani, leo ndiyo nimeing'ata.

"Ng'ata kwa nguvu. Saa nzima. Usiteme, usisukutue, usiongee. Ukiongea damu haitaganda. Tumeelewana?"

Nikatikisa kichwa kwamba tumeelewana. Nikamwonyesha simu, nikamwonyesha saa. Akadhani naulizia saa ngapi nitoe pamba.

"Saa sita," akasema. "Anayefuata!"

Nikarudi kwenye benchi. Nilifikiria kumwandikia Luhende ujumbe kwamba asubiri, nikaanza kuandika, na simu ikaita mkononi mwangu. Saa tano na dakika tatu.

Simu yangu ina tatizo moja: spika ya sikioni ilikufa, haisikiki mpaka uweke sauti kubwa. Kwa hiyo kila aongeaye nami anaongea na wote waliopo. Nilibonyeza. Sauti yake ikatoka pale katikati ya watu wenye mashavu yaliyovimba, na nyuma yake ng'ombe wanalia na mtu anataja bei ya dume.

"Haloo? Mama Milembe?"

Nilifungua mdomo na damu ikajaa. Kabula akanipokonya simu kwa upendo kabisa.

"Kaka! Mwangaluka!"

"Mwangaluka, Kabula. Mhola?"

"Mhola duhu, kaka! Wote wazima."

"Mama Milembe yuko wapi?"

"Yuko hapa hapa. Mzima kabisa. Ananenepa tu."

Benchi zima likanitazama, nina damu kwenye kidevu na kanga imelowa mate. Mama mmoja akaziba mdomo asicheke, akasahau kwamba na yeye jino linamuuma, akalia.

"Mpe simu niongee naye."

"Hawezi sasa hivi, kaka. Ana kazi kidogo."

"Kazi gani? Nilimwambia saa tano."

"Wewe sema tu, kaka. Anakusikia."

Sauti yake ikashuka, kama mtu aliyesogea pembeni ya wenzake.

"Mama Milembe. Kaka na mwenye eneo wamekaa pale kwenye kibanda, wananingoja. Uliniambia niamue mwenyewe. Wiki nzima nimetembea na hilo neno nyuma ya ng'ombe. Mimi nasema, kama huyu mwanamke hana shida, basi hana shida. Kama unaona nikae, nakaa. Niambie tu."

Nilimshika Kabula mkono. Nikamtikisia kichwa, nikapunga kiganja, hapana, hapana.

"Kaa, kaka!" Kabula akasema. "Huku hamna shida hata moja. Ng'ombe wakinenepa ndiyo heshima ya nyumba. Tena hapa wifi anakupungia mkono, anakusalimia sana."

"Binti," akasema yule mzee wa Shishiyu kupitia kitambaa chake, "huyo hapungi. Huyo anataka simu."

Ndipo nilipotoa pamba.

Niliishika kwenye ngumi na nikachukua simu. Damu ilikuwa ya moto chini ya ulimi. Nikasema, "Baba Milembe," na iliyotoka haikuwa sauti yangu, ilikuwa nzito, imelegea, kama mtu anayeongea akiwa ameingiza kichwa kwenye mtungi.

Akauliza, "Nani huyo?"

Nimeolewa naye miaka kumi na mmoja. Sauti hiyo iliniuliza nani huyo, na niliona sasa umbali wenyewe, jinsi ulivyo. Mzee akainama kwenye simu iliyokuwa mkononi mwangu.

"Ni mkeo, bwana! Katolewa jino sasa hivi, mdomo una ganzi. Sikiliza taratibu!"

"Jino? Jino gani? Kabula, si umesema ni mzima?"

"Ni mzima, kaka," Kabula akasema. "Ila jino."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta mojawapo ya yale maneno niliyoyaandika wiki nzima kwenye kurasa nilizozichana, na halikuja hata moja. Likaja jingine ambalo sikuwa nimeliandika popote.

"Ngitili sijailisha," nikasema.

"Umesemaje?"

"Anasema ngitili hajailisha!" mzee akapaza sauti.

Ngitili ni lile eneo la malisho tunalolifunga majani yakue, ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Yetu iko nyuma ya nyumba mpaka kwenye mbuga. Waliondoka ng'ombe mimi nikabaki naifunga. Kila mwaka, mvua zikikatika, nakata miba na kuziba mapengo. Majirani wamekuja kuomba, mmoja baada ya mwingine. Mwaka jana shemeji wa jirani alikuja na shuka begani akaniomba kwa heshima zote, ng'ombe wake wanakufa. Nikamwambia Luhende anarudi mwisho wa mwezi. Nilimdanganya mtu mwenye ng'ombe wanaokufa, na hilo nalo sijaliandika mpaka leo.

"Tangu tuondoke?" Luhende akauliza.

"Tangu muondoke. Majani yako kiunoni."

Hapo hakuna aliyenitafsiria. Ganzi ilikuwa ile ile, lakini nadhani nilieleweka. Karibu wote pale kwenye benchi wametoka kwenye nyumba zenye mifugo, au zilizokuwa nayo, na wanajua maana ya majani ya kiunoni mwezi wa kumi kwenye boma lisilo na ng'ombe hata mmoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilimeza damu.

"Nimechoka kusema hakuna shida," nikasema. "Rudi nyumbani."

Nilisikia anavuta pumzi. Nilisikia ng'ombe. Nilisikia mtu akimwita, Luhende, Luhende njoo bwana, na nikajua ni shemeji Shija na kile kibanda na mwenye eneo. Akasema, "Subiri."

Simu ikakatika.

Nilipiga mara tatu. Haipatikani. Labda chaji, labda mtandao, labda aliizima. Yote matatu niliyafikiria, la tatu ndilo nililoliamini zaidi.

Daktari akatoka mlangoni na glavu zake, akaona pamba iko kwenye ngumi yangu.

"Nani kakuruhusu kutoa?"

Benchi lote likanitetea kwa pamoja, kila mtu kwa maelezo yake. Mama yule aliyeziba mdomo alikuwa analia kabisa sasa, anasema daktari, mwache, ana mume Katavi. Daktari hakuelewa neno. Akanirudisha ndani, akanikunjia pamba nyingine.

"Saa inaanza upya," akasema. "Kutoka sasa."

Kwa hiyo nilikaa tena saa nzima, mdomo umefungwa, simu mapajani. Haikuita. Mzee wa Shishiyu alipotoka kung'olewa lake na yeye alikuwa na pamba, hatukuweza kuagana kwa maneno. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka.

Kabula hakuongea njia nzima ya kurudi. Sijawahi kumwona hivyo. Tulipofika akanikorogea uji, akaupoza kwa kuumiminia kikombe hiki na kile, akaniletea, akasimama.

"Wifi, mimi nilidhani unapenda akae," akasema. "Hujawahi kusema."

Kweli. Tumelala nyumba moja miaka miwili, na hata yeye sijawahi kumwambia. Alikuwa ananisaidia kusema kile ambacho mimi mwenyewe nimekisema kila Jumanne. Nilitaka kumkasirikia nikakosa pa kuanzia.

Milembe aliporudi shuleni alitaka kuona tundu. Nikamfungulia mdomo, akachungulia kwa makini kama daktari. Akauliza jino liko wapi tulirushe juu ya bati, kama tulivyorusha ya kwake, lipate kuota jingine. Nikamwambia la mtu mzima halioti. Akafikiri. Akasema basi tulirushe tu, hata kama halioti. Nikamwambia limebaki hospitali. Sikumwambia habari za simu. Nikimwahidi kwamba baba yake anarudi, naye asije, itabidi nimweleze.

Saa tisa na dakika ishirini ujumbe uliingia. Nilikuwa jikoni. Niliusoma nimesimama, kisha nikakaa kwenye kigoda nikausoma tena.

"Simu ilizima. Nimemwambia kaka hapana. Kanuna lakini kakubali. Majike wawili wana mimba, tungoje wazae, ndama wapate nguvu, ndipo tuanze safari. Kabula aache uongo. Jino ni la upande gani?"

Nimeisoma hiyo sehemu ya mwisho zaidi ya zile nyingine zote. Upande gani. Mtu ambaye asubuhi hakuijua sauti yangu anataka kujua ni upande gani.

Nikaandika: "Kushoto, chini, la pili kutoka mwisho. Linauma sana." Kidole kikaenda chenyewe kuongeza yale maneno ya hakuna shida, nikayaandika mpaka nusu, nikayafuta. Nikatuma. Ripoti ya kupokelewa haijaja mpaka sasa. Mnada umekwisha, amerudi porini. Utamfikia Jumanne, au Jumanne nyingine atakayoshuka.

Mama mkwe amesikia kutoka kwa Kabula. Amekuja jioni na fimbo yake, akakaa mlangoni, akatazama shavu langu, akanipa pole ya jino. La mwanawe hakuligusa. Alipoondoka niliona amepitia njia ya nyuma, kwenye ngitili. Alisimama pale kwenye miba muda mrefu, anatazama ndani. Sijui alikuwa anawaza nini. Kesho nitamwuliza. Sijawahi kumwuliza mama mkwe anawaza nini.

Ganzi iliisha kabisa saa tisa alasiri, na maumivu yamekuja yenyewe, mapya, si yale ya zamani. Haya yana mahali. Ulimi unakwenda pale kila wakati, unakuta laini, unarudi.

Nimejaribu kupiga hesabu. Mimba za majike sijui zina miezi mingapi, hakusema. Ndama kupata nguvu, miezi miwili, labda mitatu. Safari yenyewe sijui watapakia gari au watatembea. Nimechukua kalamu ili nizungushie mwezi kwenye kalenda ya mwaka ujao, ile niliyopewa dukani, halafu nikairudisha kalamu. Naogopa. Nimemngoja mtu aliyeondoka mwezi wa saba, mwaka juzi, mwenye shati la bluu, anayecheka akiwa na mswaki mdomoni. Sijui atakayerudi ana nini kipya, ana kovu gani, anapenda chai ya namna gani sasa. Na yeye hajui. Aliacha mke asiye na shida, anarudi kwa mwingine.

Je, tutafahamiana?

Upepo umetulia, mawingu bado yapo, mvua hakuna. Nimekunywa vidonge viwili saa mbili. Nimelala saa tatu na dakika hamsini usiku. Dakika hizo nimeziandika asubuhi hii ya Jumatano, maana ndizo za mwisho nilizoziona kwenye simu.